Kuchonga bushi mpya za reli ya kioo kwa gari la zamani

Ukizungusha mkono wa kioo ukasikia kitu kinasaga ndani ya mlango, kisha kioo kikapanda upande mmoja na upande wa pili ukabaki chini, acha hapo hapo. Usilazimishe. Humo ndani kuna kiplastiki kidogo kisichozidi kifungo cha koti, nacho kimeshavunjika. Kila mzunguko unaouongeza sasa unakula chuma ambacho hutakipata tena dukani.

Kiplastiki hicho ndicho tunachokiita bushi ya reli. Hapa Malindi magari ya zamani bado yapo mengi kuliko mgeni anavyodhani. Kuna Mercedes W123, zile zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi miaka ya 80 katikati, ambazo hadi leo zinabeba maharusi. Kuna Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na wenyewe hawasikii habari ya kuziuza. Injini zake zinatengenezeka, bodi inapigwa rangi, viti vinashonwa upya. Kinachowashinda watu ni vitu vidogo kama hivi, kwa sababu duka la spea linakuuzia mashine nzima ya kioo, tena iliyotumika, na ndani yake bushi ina umri sawa na ile yako iliyovunjika.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye jiriwa, drili, tupa na subira. Mashine ya kukereza ikiwepo ni bora, lakini nitaeleza pia namna ya kufanya bila hiyo, maana wengi wetu hatuna.

Bushi inafanya kazi gani

Mkono unaouzungusha unageuza gia ndogo, gia ndogo inasukuma gia kubwa yenye umbo la kipande cha chapati, na gia hiyo imeshikana na mkono mrefu wa bati ndani ya mlango. Mwisho wa mkono huo pana pini. Chini ya kioo imefungwa reli, yaani bati lililokunjwa likawa mfereji wenye midomo miwili, na pini inakaa ndani ya mfereji huo. Mkono unapopanda hauendi wima. Unazunguka kama mkono wa saa, kwa hiyo pini inalazimika kusafiri ndani ya reli kutoka upande mmoja hadi mwingine kila unapofungua na kufunga. Bushi imevaliwa na pini ili chuma kisiguse chuma.

Mitambo inatofautiana. Kuna magari yenye mikono miwili iliyopishana kama mkasi na bushi mbili au tatu kila mlango, na kuna yenye bushi ya mraba badala ya mviringo. Land Rover za Series nyingi hazina kabisa, kwani vioo vyake vinasukumwa pembeni. Ukishaielewa hii ya mviringo, nyingine hazitakusumbua.

Inavunjika kwa nini? Mlango wa gari lililoegeshwa juani huku kwetu ni tanuri. Grisi ya kiwandani ilishakauka zamani ikawa kama nta. Vumbi la barabara ya Marafa linaingia kupitia mpira wa kioo uliochoka, linachanganyika na mabaki ya grisi, na mchanganyiko huo ni msasa mtupu. Juu ya hayo upepo wa bahari unaleta chumvi, reli inaota kutu, kutu inakuna plastiki. Bushi inaliwa upande mmoja, inaanza kucheza, na siku moja mtu anafunga kioo kwa haraka mvua inanyesha, ndipo inapasuka.

Usichonge ya shaba

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo kosa ambalo kila fundi mwenye nia njema hulifanya, na mimi nililifanya. Plastiki imevunjika, basi akili inakwambia: weka kitu kisichovunjika. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii aliniletea gari mzee mmoja kutoka Mambrui, kioo cha dereva kimezama ndani ya mlango. Nilimpelekea fundi wa kukereza kipande cha shaba ya manjano, akanitolea bushi mbili nzuri mno, zinang'aa kama vito. Kioo kilipanda laini. Mzee alifurahi, nami nilifurahi.

Hazikupita Kaskazi mbili akarudi. “Mwanangu,” akaniambia, “kioo kinacheza kama jino la mtoto.” Nilifungua paneli, nikaitoa reli, nikaielekeza kwenye mwanga. Bushi zilikuwa kama nilivyoziacha, mikwaruzo michache tu. Lakini mahali pini inapopumzika kioo kikiwa kimefungwa, dari ya reli ilikuwa imechimbika kishimo ambacho ukucha wangu wa kidole gumba ulilala ndani yake. Pembeni ya kishimo kulikuwa na kutu nyekundu mbichi. Shaba na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na hapo kulikuwa na msuguano pia. “Ami, kosa ni langu,” nilimwambia, na ilinichukua wiki kadhaa kumpatia reli nyingine, nayo ilitoka kwenye gari bovu Mombasa.

Tangu siku hiyo kipimo changu cha bushi nzuri ni kimoja: ife yenyewe, reli iishi. Mtu wa baharini anaijua hesabu hii. Kishwara cha kasia ni kitanzi cha kamba tu, kinalika, kinakatika, unafunga kingine, na kasia na mashua vinabaki salama. Bushi ya reli ni kishwara. Kuiboresha ni kuipa ulaini unaostahili, umbo linalobeba uzito mahali pazuri, na plastiki isiyonywa maji. Kuipa ugumu wa chuma ni kuhamisha ugonjwa tu.

Plastiki gani, na utaijuaje

Bushi nyingi za zamani ni nailoni. Nailoni ni imara na ina utelezi, ila inakunywa maji. Nailoni 6, ile ya kawaida, ikilowa kabisa inabeba maji karibu asilimia 9 ya uzito wake, na ukubwa wake unaongezeka asilimia 2 hadi 3. Piga hesabu kwa bushi yenye kipenyo cha milimita 16: inaweza kukua karibu nusu milimita. Upenyo unaoachwa kati ya bushi na reli ni mdogo kuliko hapo. Kwa hiyo ukichonga bushi ya nailoni kavu ikakaa vizuri mezani, mvua za masika zikija inaweza kubana reli.

Ninayotumia mimi ni asetali, ambayo wengi wanaijua kwa jina la biashara la Delrin. Hata ikizama majini siku nyingi haifikishi asilimia 1 ya uzito wake. Inakatika safi kwa tupa na drili, ina utelezi wa asili, na haipasuki ovyo. Inauzwa kwa fimbo, nyeupe au nyeusi, kwenye maduka ya vifaa vya viwanda Mombasa. Fimbo ya kipenyo cha milimita 20 yenye urefu wa mkono itakutosha kwa magari kadhaa. Gia na magurudumu ya mashine za fotokopi zilizokufa pia mara nyingi ni asetali, ukipata kubwa ya kutosha.

Tatizo ni kwamba plastiki nyeupe zote zinafanana, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui anachouza. Watu hupima kwa kuchoma. Tafadhali usifanye hivyo: asetali ikiungua inatoa gesi ya fomaldehaidi, ambayo inaumiza macho na mapafu. Pima kwa maji.

Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tia nusu lita ya maji safi, dumbukiza kipande kidogo. Kikielea, hiyo ni polietilini au jamaa zake, plastiki ya vibao vya kukatia mboga. Kikizama, kitoe, kisha tia robo kilo ya chumvi kwenye maji hayo hayo. Chumvi ya mawe ya Gongoni inafaa kabisa. Koroga kwa muda mrefu hadi chumvi ikatae kuyeyuka na kubaki chini. Maji hayo sasa ni mazito kuliko nailoni na mepesi kuliko asetali. Rudisha kipande, kisukume chini kwa kijiti ili viputo vya hewa viondoke, uachie. Nailoni itapanda juu polepole. Asetali itakaa chini. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa na vipande vitatu vyeupe ambavyo hata kwa kuvikata sikuweza kuvitofautisha, na nilivitazama vikigawanyika kimoja kimoja ndani ya chupa.

Plastiki ya mabomba ya maji, PVC, nayo inabaki chini, na haifai kwa kazi hii. Kuitambua, dondosha tone la gundi ya mabomba juu yake: PVC inalainika na kunata, asetali haishtuki. Nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo inaweza kuzama pia. Hiyo utaijua kwa tupa, vumbi lake linawasha ngozi, na achana nayo kwa sababu nyuzi zile zitaikwaruza reli.

Na kibao cha mboga je? Kinaweza kukuokoa kwa dharura. Kinateleza vizuri sana na hakinywi maji, ila ni laini, kinabonyea chini ya uzito na joto. Nimekitumia kwa milango ya nyuma ambayo haifunguliwi sana. Kwa mlango wa dereva sikishauri.

Kufungua mlango

Hapa sitakawia, kila gari lina namna yake. Toa mkono wa kioo (umeshikwa na skrubu ya katikati, au klipu ya waya iliyojificha nyuma yake), toa kishikio, kisha banua paneli kwa kipande cha mbao bapa, klipu moja baada ya nyingine. Ukikuta karatasi ya nailoni imebandikwa kwenye bati, ibandue kwa utulivu, utaihitaji.

Kabla hujagusa bolti yoyote, inua kioo kwa mikono miwili hadi juu na ukizuie kwa kabari mbili za mbao zilizofunikwa kitambaa, moja kila upande, halafu ongeza utepe wa karatasi wenye gundi kutoka kioo hadi juu ya fremu. Vioo vya milango vinavumilia mengi kwenye uso wake, lakini ukingo ukigongwa kidogo tu kioo chote kinageuka punje. Kuwa na mtu wa pili.

Tahadhari kubwa kuliko hiyo ni springi. Mashine nyingi za kioo zina springi bapa iliyoviringishwa kama mkeka, kazi yake kusaidia kubeba uzito wa kioo. Kioo kikitoka, springi hiyo imejaa nguvu na inatafuta pa kwenda. Ukilazimika kuitoa mashine nzima, bana gia kubwa na bati lake kwa klampu kwanza, au pitisha bolti kwenye matundu yote mawili ili gia isizunguke. Vidole vimevunjika kwa kupuuza jambo hili. Mara nyingi, kwa bushi peke yake, unatosheka kuitelezesha reli nje ya pini bila kugusa mashine.

Okota kila kipande cha bushi ya zamani, hata vilivyoanguka chini ya mlango. Huvitumii kama vipimo, bali kama ushahidi: utaona imeliwa upande gani.

Reli kwanza, vipimo baadaye

Mpangilio huu una sababu. Zamani nilipima reli ikiwa na kutu, nikachonga bushi nne, nikafurahi jinsi zilivyokaa. Kisha nikasafisha reli ili nifunge. Kutu ilipotoka, mfereji ukawa mpana na bushi zangu zote nne zikawa zinacheza. Asubuhi nzima ilipotea.

Kwa hiyo sugua reli ndani na nje kwa brashi ya waya, ukitumia mafuta ya taa kuondoa grisi iliyoganda. Tazama midomo. Pini iliyokosa bushi huwa imeipanua katikati. Ingiza kati ya midomo shina la drili lenye upana unaolingana na sehemu isiyoharibika ya reli, mwishoni kabisa ambako pini haifiki, kisha bana midomo kwa koleo yenye mdomo laini kidogo kidogo hadi ilishike shina. Endelea hivyo urefu wote. Paka rangi ya kuzuia kutu, koti moja jembamba, iache ikauke kabisa. Sasa pima.

Utahitaji venia, kile kipimio chenye taya mbili. Rula haitoshi. Pima kila kitu mara tatu kwenye sehemu tatu tofauti za reli, uchukue kipimo kidogo kuliko vyote. Hivi ni vipimo vya mlango mmoja nilioufanyia kazi, ninavitoa kama mfano tu. Gari lenyewe silitaji kwa makusudi, kwa sababu hata mlango wa kulia na wa kushoto wa gari hilo havikulingana:

Upana wa ndani wa reli, 16.0
Nafasi kati ya midomo, 10.4
Unene wa mdomo, 1.6
Kina cha ndani, 11.0
Kipenyo cha pini, 6.9
Kutoka bega la pini hadi mfuo (mkato unaoizunguka pini) wa klipu, 10.7
(zote ni milimita)

Bushi ninayoichonga kutokana na hivyo ina sehemu tatu. Kichwa kinakaa ndani ya reli: kipenyo 15.7, unene 6.0. Shingo inapita kati ya midomo: kipenyo 10.0, upana 2.0. Nje ya midomo, upande wa mkono wa bati, pana ukosi: kipenyo 15.7 kama kichwa, unene 1.5. Jumla ni 9.5. Juu ya kichwa kinakuja washa ya 0.8, kisha klipu ya chuma yenye umbo la herufi E ndani ya mfuo wa pini, na unabaki mchezo wa 0.4.

Angalia nafasi zilivyogawanywa, kwani hapo ndipo palipo na uboreshaji wenyewe. Kichwa kimeachiwa 0.3, shingo imeachiwa 0.4. Maana yake kichwa kinagusa dari ya reli kabla shingo haijagusa mdomo. Uzito wote wa kioo unabebwa na kichwa kinene, si na shingo ambayo ukuta wake ni milimita 1.5 tu. Bushi nilizozikuta zimevunjika, karibu zote zilikatika shingoni. Ukosi nao bushi nyingi za zamani hazina. Kazi yake ni kuzuia midomo ya reli isikwaruze mkono wa bati kioo kinapotikiswa na barabara mbaya. Na klipu ya chuma yenye washa inachukua nafasi ya vile vimeno vya plastiki vilivyokuwa vikishika pini, ambavyo ndivyo vya kwanza kufa.

Kuchonga

Ukiwa na fundi wa kukereza, mchoree umbo hili na umwandikie vipimo. Usimpe bushi ya zamani umwambie “nitolee kama hii”, atakutolea kama hiyo, pamoja na uchakavu wake.

Bila mashine, kata kwa hakso kipande cha fimbo chenye urefu wa milimita 12. Kichomee alama katikati, kifunge kwenye jiriwa kati ya vipande viwili vya mbao, utoboe kwa drili ya 3, kisha 5, kisha 6. Usitoboe 7 bado. Zungusha polepole na utoe drili nje mara kwa mara ili nyuzi za plastiki ziondoke. Ukisikia plastiki inalia au ukaiona inang'aa ukingoni mwa tundu, imepata joto, pumzika.

Sasa pitisha bolti ya spana ya kumi, yaani ile yenye unene wa milimita 6, ndefu kama kidole. Weka washa huku na huku, kaza nati. Mwisho wa bolti unaobaki uingize kwenye mdomo wa drili, na drili yenyewe uifunge kwenye jiriwa kwa kitambaa kinene, bila kuiponda. Hapo umepata mashine ya kukereza. Ndiyo maana tundu lilibaki 6: likiwa 7 bolti ingecheza na bushi ingetoka yai. Vaa miwani. Glavu vua, mikono ya shati kunja, mtandio au kikoi kiweke mbali.

Shika tupa bapa kwa mikono miwili, iegemeze kwenye kipande cha mbao kilichofungwa mbele ya kazi, uiache igusane na plastiki kwa wepesi. Nyeupe itaanza kudondoka kama nazi iliyokunwa. Kimbia nayo hadi 16.5, halafu badilisha mwendo: piga tupa mara tatu, simamisha, pima. Ukifika 15.8 weka tupa chini, umalizie kwa msasa namba 400 uliolowa maji hadi 15.7. Ukipitiliza ikawa 15.5, itupe kwenye kopo la majaribio na uanze nyingine. Plastiki ni rahisi, na hiyo ya 15.5 itakugongea mlangoni miaka yote.

Punguza ncha zote mbili hadi urefu uwe 9.5. Kwa venia chora mstari milimita 1.5 kutoka upande wa ukosi, na mwingine milimita 2.0 mbele yake. Washa drili, gusisha ubao wa hakso kwenye kila mstari hadi uzame karibu milimita 2.5, ndani kidogo ya mistari. Kisha kwa tupa nyembamba toa kilichobaki katikati hadi shingo iwe 10.0. Hapa ndipo mkono unapotaka utulivu kuliko pote. Kona ya ndani, shingo inapokutana na kichwa, usiiache kali kama kisu. Iache na mviringo mdogo, kwa sababu ufa wa plastiki huanzia kwenye kona kali.

Vunja kona zote za nje kwa msasa. Kwenye uso wa mviringo wa kichwa mimi hukata mifuo minne myembamba kwa ncha ya hakso, kina cha nusu milimita, inayokwenda sambamba na pini. Inashika grisi, na vumbi likiingia linapata pa kukaa badala ya kusagwa.

Mwisho kabisa toa bolti na upanue tundu kwa drili ya 7, bushi ikiwa imebanwa kati ya mbao zilizokatwa pembe, kamwe si kwa vidole. Drili itafuata tundu lililopo na haitapotea katikati. Plastiki hujikunja kidogo baada ya kutobolewa, kwa hiyo tundu la 7 mara nyingi linakuja pungufu kidogo. Jaribu kwenye pini: bushi izunguke kwa vidole bila kulegea. Ikibana, viringisha msasa kwenye msumari uupitishe mara mbili tatu.

Bushi ya mraba ni kazi nyepesi zaidi, unaichonga yote kwa tupa kutoka kwenye bapa la asetali, kanuni za nafasi ni zile zile. Kona zake nne zizungushe vizuri.

Jaribio ni hili. Ingiza bushi kavu, bila grisi, kwenye mwisho wa reli, kisha inua upande huo polepole. Kabla reli haijafika mwinamo wa ngazi ya nyumba, bushi inatakiwa ianze kuteleza yenyewe na isafiri hadi mwisho bila kusimama. Ikisimama mahali, weka alama: mara nyingi ni mdomo wa reli uliobaki na kifundo, si bushi. Rekebisha reli.

Kurudisha

Paka grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha kung'arisha tu, ndani ya reli na kwenye pini. Grisi nyingi ni mtego wa mchanga. Oili chafu ya injini usiikaribishe. Mipira ya pembeni ambayo kioo kinapita ndani yake usiipake grisi ya mafuta, itavimba na kulainika. Ioshe kwa sabuni, ikauke, uipulizie silikoni. Mpira mkavu unaobana kioo unaua bushi mpya kama ulivyoua ya kwanza, na nimeona watu wakilaumu bushi kwa kosa la mpira.

Vaa bushi kwenye pini, ukosi ukielekea mkono wa bati. Weka washa na klipu, kisha telezesha reli kutoka mwisho wake ili midomo iingie kwenye shingo. Fungia bolti za reli kwa vidole kwanza. Toa kabari, pandisha kioo hadi juu ukikiacha kijipange chenyewe kwenye fremu, halafu ndipo ukaze bolti, kioo kikiwa juu. Kishushe, kipandishe mara kumi. Mkono uwe na uzito ule ule mwanzo hadi mwisho.

Kabla hujafunga paneli, pitisha waya kwenye matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Karibu kila mara yameziba kwa mchanga na majani, na maji yanayosimama humo ndiyo yanayopandisha unyevu hadi kwenye reli. Kisha rudisha ile karatasi ya nailoni, au kata mpya, na uibandike pande zote. Mafundi wengi huitupa wakidhani ni takataka ya kiwandani. Ndiyo inayozuia maji yasiloweshe paneli kwa ndani.

Ukiwa bado na fimbo mkononi na vipimo kichwani, chonga bushi mbili za ziada kwa kila mlango. Zitie kwenye kifuko pamoja na klipu zake, uning'inize ndani ya mlango mbali na njia ya kioo, na nyuma ya paneli uandike kwa kalamu ya wino mzito vipimo vyote sita pamoja na tarehe ya leo.